Elektroni Zilizorudi

Sweden, 14 Mei 1995

Shikamoo Mwalimu Hamimu,

Katika barua yako ya Machi uliuliza mambo mawili. La kwanza, kama ninakula. Ninakula. La pili, nikueleze kwa Kiswahili kazi ninayofanya huku, ili ujue kama nimeielewa au nimeikariri. Hilo la pili ndilo lililonichelewesha.

Tunachukua gesi ya agoni. Atomu yake ina elektroni kumi na nane, zimejipanga kwa matabaka. Tunaipiga kwa mwanga wenye nguvu ya kung'oa elektroni ya tabaka la ndani, si la nje. Nguvu ndogo kabisa inayotosha kazi hiyo tunaiita kizingiti. Mwanga ukizidi kizingiti kidogo tu, elektroni inatoka, lakini inatoka polepole.

Pengo ililoliacha halikai wazi. Elektroni ya juu inashuka kulijaza, na nishati inayobaki inatupa nje elektroni nyingine. Hii ya pili hutoka kwa kasi kubwa kiasi kwamba inaipita ya kwanza njiani. Ikishapitwa, ya kwanza inapunguza mwendo. Nyingine hupunguza mpaka zikaishiwa, zikarudi, atomu ikazikamata tena.

Kazi yangu ni kuhesabu atomu zilizopoteza elektroni moja na zilizopoteza mbili. Juu ya kizingiti, zilizopoteza moja zilipaswa kupungua ghafla, mstari ushuke kama ukuta. Mstari wangu unashuka kama mteremko. Kuna atomu 3,846 ambazo hazikupaswa kuwapo. Mimi nasema hizo ndizo ambazo elektroni zake zilirudi. Watu wa maabara nyingine waliona jambo la namna hii miaka ya sabini. Profesa anayenisimamia anasema si katika mashine yake. Anasema ni uchafu wa mwanga: mwanga mwingine dhaifu unaopenya pamoja na ule tunaoutaka. Ameniambia nizikate hizo 3,846, nichore ukuta, tuandike makala.

Mkataba wa masomo yangu unaisha tarehe 10 Novemba. Ili uongezwe mwaka wa kumalizia shahada, inahitajika saini yake, na saini yake inangoja makala. Nisipokata, narudi nyumbani bila shahada, miaka mitatu imepotea na Wizara iliyonileta huku itataka maelezo.

Wapo watu wanane hapa wenye vyeti vikubwa kuliko chako ningeweza kuwauliza. Wote wanakula chakula cha mchana na Profesa. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyenifundisha miaka minne pale sekondari Bariadi: nina haki, au ni ukaidi tu?

Msalimie mama yangu, mayu, na kaka Ngassa.

Mwanafunzi wako,
Milembe Mayala


Dutwa, S.L.P. Bariadi
11 Juni 1995

Binti yangu Milembe,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mbili nikiwa dukani, moja kwa mama yako, na moja tena dukani baada ya mama yako kuniuliza swali lililonishinda. Aliuliza, "Hiyo ya kwanza, nani aliyeifukuza?" Nikamwambia mwanga. Akasema, "Basi mwenye kosa ni mwanga. Milembe anagombana na mzungu ya nini?"

Mimi sijambo. Tangu nipunguzwe kazi ya ualimu, hili duka la kutengeneza redio linanilisha. Siku hizi kila kitu ruksa, redio za kaseti zinaingia kwa wingi, na mbovu zinaingia kwa wingi zaidi. Wateja wangu ni hawa hawa wa Dutwa. Msimu wa pamba ukifunguliwa watalipa.

Sasa tuje kwenye kazi. Sitakuambia una haki kwa sababu nilikufundisha. Nina pingamizi. Elektroni zote zina chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana. Hilo nililiandika ubaoni wewe ukiwa kidato cha pili. Sasa hii ya kasi inakuja nyuma ya ile ya polepole. Ikiikaribia, si itaisukuma mbele? Ikisukumwa mbele itazidi kwenda, haitarudi. Hizo zako zinazorudi zinarudishwa na nini?

Nijibu hilo bila kunikimbilia kwenye Kiingereza. Ukilijibu vizuri, usikate hata atomu moja. Ukishindwa, kata, na usinilaumu.

Wako,
Hamimu Faki


Sweden, 2 Julai 1995

Shikamoo Mwalimu,

Pingamizi lako ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonichukua wiki mbili mwaka jana.

Ya kasi inapokuwa nyuma, kweli inaisukuma ya polepole mbele. Lakini ikishapita, inakuwa mbele yake, na hapo inaisukuma nyuma. Nyuma ilikaa kitambo kidogo sana, muda ambao ukiuandika kwa sekunde unaanza na sifuri kumi na tano. Mbele itakaa moja kwa moja.

Au itazame kutokea kwenye atomu. Elektroni moja ikitoka, atomu inabaki na chaji chanya moja, nayo inaivuta ile iliyotoka. Ya pili ikitoka, chaji zinakuwa mbili, lakini ya polepole haizihisi zote mbili kwa sababu ya kasi bado iko katikati, inakinga moja. Ikishapita, kinga imeondoka. Ya polepole sasa inavutwa na mbili, wakati ilijiandaa kwa mwendo wa kuvutwa na moja. Nishati inayopoteza, ya kasi ndiyo inayoipata. Tukipima ile ya kasi tunaikuta imezidi kidogo.

Na mwanga ukizidi kizingiti zaidi, ya kwanza hutoka na mwendo mzuri, hupitwa ikiwa imeshafika mbali, na huko mvuto ni mdogo. Hairudi. Ndiyo maana mstari wangu ni mteremko: karibu na kizingiti zinarudi nyingi, mbali zinarudi chache.

Nilimweleza Profesa hivyo hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, si mtu wa kukatiza maneno. Kisha akasema, "Milembe, mashine hii nimekuwa nayo miaka kumi na moja. Nazijua taka zake."

Nikamwambia, "Basi nionyeshe taka zikiwa peke yake."

"Haziwezi kuonekana peke yake."

"Kiasi chake umekijuaje?"

"Kwa uzoefu."

Aliniambia nikapumzike. Sikuwa nimechoka.

Shida yangu ni hii, Mwalimu: nina maelezo, lakini yeye naye anayo. Mteremko ni ule ule mmoja. Sijui nifanye nini ili mmoja wetu ashindwe.

Milembe


Dutwa, 30 Julai 1995

Binti yangu,

Pingamizi langu nimelifuta. Usikate.

Kuhusu namna ya kumshinda Profesa, sina la kusema, mashine hiyo sijawahi kuiona. Nitakueleza ya huku.

Umesikia kwamba sasa watu binafsi wananunua pamba, si chama cha ushirika peke yake. Dutwa amekuja mmoja mwenye lori jipya na mizani ya kuning'iniza. Furushi lolote ukileta, anakata kilo mbili, akisema ni unyevu na mchanga. Pamba ikiwa safi, mbili. Ikiwa chafu, mbili. Mama yako alichambua yake siku nne, akaianika, ukiikamata mkononi ni kavu kama unga. Mbili. Akaja kwangu akasema, "Mwalimu, twende ukanisomee ile mizani. Mimi macho yangu hayafiki kwenye mshale."

Nikaenda, nikasimama, nikasoma. Mshale unasema arobaini na moja, karani anatangaza thelathini na tisa. Karani mwenyewe ni Deogratias, uliyekaa naye dawati moja. Nikamuuliza, "Deo, hizo mbili ni za nini?"

"Unyevu, Mwalimu."

"Umeupima?"

"Ni utaratibu, Mwalimu. Usinichanganye, foleni ndefu."

Nilikwenda ghalani kwa chama cha msingi cha ushirika, nikaazima mawe mawili ya mizani ya zamani, yale ya chuma, kilo ishirini kila moja, yana muhuri wa serikali. Nikayafunga kwa waya. Kesho yake nikapanga foleni na wenye pamba. Zamu yangu ilipofika wapagazi wakayatundika, wakicheka chini chini. Deogratias hatazami kinachoning'inia. Anatazama mshale. Mshale ukasimama kwenye arobaini. Akatangaza kwa sauti: "Thelathini na nane."

Nikasema, "Deo, geuka uangalie mzigo wako."

Akageuka. Nikamuuliza, "Chuma hiki kimelowa wapi?"

Benedikta, yule mama muuza vitumbua, akasema kutoka nyuma, "Mwacheni, labda kimetoka jasho. Foleni ndefu." Hapo kituo kizima kikavunjika mbavu. Mnunuzi akashuka kwenye lori. Hakucheka.

Hayo ndiyo ya huku. Mzima mimi, wazima wote.

Hamimu Faki


Sweden, 27 Agosti 1995

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, nikarudi maabara bila kula.

Uliwaonyesha watu kwamba ukibadilisha kilicho kwenye mizani na makato yakabaki yale yale, basi makato hayatoki kwenye mzigo, yanatoka kwa karani. Mimi niligeuza. Kama mteremko unatokana na uchafu wa mwanga, nikibadilisha gesi utabaki pale pale, kwenye mwanga ule ule, kwa sababu uchafu wa taa haujui ndani kuna gesi gani. Kama unatokana na atomu, utahama na kufuata kizingiti cha gesi mpya.

Niliomba siku mbili za mashine, nikapewa moja na nusu. Nikatoa agoni, nikaingiza kriptoni, ambayo kizingiti chake kiko mbali na kile cha agoni. Mahali pa zamani mstari ulilala tambarare. Mteremko niliukuta kwenye kizingiti cha kriptoni. Nilipima mara mbili. Kisha nikarudisha agoni, nao ukarudi pale ulipokuwa.

Nikamwekea Profesa karatasi mezani. Alizitazama kwa saa nzima. Alisema huenda tulipopanga upya mwanga kwa ajili ya kriptoni, uchafu nao ulijipanga upya. Nikamwambia tupime gesi ya tatu. Akasema mashine imejaa mpaka mwaka ujao.

Wakati wa kutoka nikaona makala yake ya mwaka 1989 iko wazi mezani. Ni ya mashine hii hii. Ina ukuta. Mteremko nao ulikuwapo, aliukata mwenyewe kwa mkono wake, akasema hivyo kwa mstari mmoja. Mteremko wangu ukibaki, ule ukuta unaanguka. Sidhani ni mwongo. Nadhani alizoea.

Amenipa muda wa kufikiri mpaka mkataba uishe.

Mwalimu, hukuniambia mnunuzi alisema nini aliposhuka kwenye lori.

Milembe


Dutwa, 10 Septemba 1995

Kwa mdogo wangu Milembe,

Mwangaluka. Sisi tuko hai, mambo si mazuri. Naandika mimi kaka yako Ngassa kwa sababu najua yule mwalimu wako hatakuandikia ukweli.

Ile siku ya vyuma vyake, mnunuzi alishusha mizani, akapakia kwenye lori, akaondoka. Alisema hanunui Dutwa hata kilo moja mpaka mwalimu asimame mbele ya watu aombe radhi. Akahamia kijiji kingine. Chama cha msingi hakina fedha ya kununulia. Pamba yetu imelala ndani tangu Julai. Kwetu peke yake ni mafurushi kumi na moja, tunalala juu yake. Panya wameingia. Mvua ikianza na paa lile, ni hasara tupu.

Mkutano wa sungusungu wa kijiji ulimwita mwalimu. Wazee wakamwambia aombe radhi, maneno mawili tu, yaishe. Akajibu, "Nilipima chuma. Sikusema neno la matusi. Nitaomba radhi ya kupima?" Wakampa adhabu ya kutengwa. Asisalimiwe na mtu, asipewe moto wala maji, asipelekewe redio. Duka lake lina mwezi na zaidi halifunguki mlango kwa mteja. Na Deogratias naye kafukuzwa kazi siku ile ile. Ana watoto wawili.

Wewe mwalimu anakusikiliza. Mwandikie mwambie aombe radhi. Si kwa ajili ya mnunuzi, kwa ajili yetu. Mayu hasemi kitu, lakini pamba ni yake.

Kuwa na msimamo ni kuzuri kwa mtu asiye na mafurushi kumi na moja ndani.

Kaka yako,
Ngassa


Sweden, 1 Oktoba 1995

Kaka Ngassa, shikamoo.

Asante kwa kunieleza. Sitamwandikia aombe radhi.

Umesema kweli kwamba mimi sina mafurushi ndani. Lakini na mimi nimeambiwa nitaje namba ambayo si ile niliyoiona, na nisipofanya hivyo narudi nyumbani mikono mitupu mwezi ujao. Siwezi kumwambia Mwalimu afanye nisichotaka kufanya mwenyewe. Nikimwambia yeye, nitakuwa nimeshajijibu.

Nimetuma kwa mayu turubai kubwa kwa mtu anayekuja Mwanza tarehe saba. Ifunikeni pamba.

Nikirudi bila shahada utanisema, na utakuwa na haki ya kunisema. Nitakaa nikusikilize.

Mdogo wako,
Milembe


Sweden, 1 Oktoba 1995

Shikamoo Mwalimu,

Ngassa ameniandikia. Uliniambia wazima wote.

Nimefanya kazi mwezi na nusu nikijua kwamba kule Dutwa mtu alisimama na namba yake, watu wakacheka, yakaisha hapo. Kumbe watu hawakusalimii, na Deogratias hana kazi. Uliyakata hayo, ukanitumia yaliyobaki. Ulikuwa unanifundisha nini?

Sikuombi uombe radhi. Nakuomba unipe hesabu nzima.

Zimebaki siku arobaini.

Milembe


Dutwa, 18 Oktoba 1995

Binti yangu Milembe,

Umenishika. Niliyakata, na sikukuonyesha. Sababu yangu ni kwamba nilidhani ukijua gharama utaogopa. Profesa wako naye pengine ana sababu nzuri kama hiyo. Hesabu nzima hii hapa.

Nilitengwa tarehe 23 Julai. Nimetengeneza redio tatu tangu hapo, zote za watu wa mbali, madereva wanaopita hapa kwenda Bariadi ambao hawana habari zetu. Maji nachota mwenyewe. Jioni nasikiliza taarifa ya habari peke yangu, nabishana na mtangazaji.

Watu wengi wameshapakia pamba kwenye baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe, wakampelekea mnunuzi kule alikohamia. Anakata kilo tatu sasa. Ya tatu anaiita ya usumbufu. Hakuna aliyenishukuru na wala sikutegemea.

Deogratias ndiye anayenikosesha usingizi. Sikumpima yeye, nilipima mizani, lakini sauti iliyotangaza ilikuwa yake. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi. Yeye tu. Hakuipokea. Alisema, "Ungenikonyeza, Mwalimu. Ningesema arobaini." Neno hilo ni kweli.

Mama yako. Kaka yako anasema hasemi kitu, na huenda akiwa nyumbani hasemi. Kila asubuhi anapita mbele ya duka langu kwenda kisimani, ijapokuwa kisima kiko upande mwingine, na anaamkia kwa sauti ya kusikika mpaka mashine ya kusaga: "Mwangaluka, Mwalimu." Sungusungu wakamtoza mbuzi. Akampeleka mbuzi mwenyewe kwa kamba, na njiani akapita dukani kunisalimia tena, mbuzi akiwa naye. Walipomuuliza sababu akasema alikuwa njiani hata hivyo. Pamba yake haijauzwa. Turubai limefika.

Sasa nisikilize. Usinifanye mimi kuwa sababu. Wala mama yako, wala mbuzi wake. Mtu anayeshikilia namba kwa sababu mwalimu wake ni mkaidi, hana tofauti na anayeikata kwa sababu profesa wake ni mkubwa. Nakuuliza maswali niliyopaswa kukuuliza Mei. Umepima mara ngapi? Kila mara imekubali? Kama kuna mara iliyokataa, iko wapi?

Ukinijibu hayo, hutahitaji ruhusa yangu.

Hamimu Faki


Sweden, 9 Novemba 1995

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako imefika Jumatatu. Agoni nimeipima mara tano, kriptoni mara mbili. Mara sita mteremko umekuwapo. Mara moja, agoni ya Februari, haukuonekana vizuri. Siku hiyo mwanga ulikuwa unayumba, lakini siwezi kuthibitisha kwamba kuyumba ndiko kulikoufuta. Sikuwa nimekuambia habari za Februari. Hata Profesa sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeiweka kwenye droo.

Jumanne nilimpelekea karatasi ya Februari. Nikamwambia, hii inakusaidia wewe, sikupaswa kukaa nayo. Aliisoma. Akasema ataniongezea mwaka, nitie saini kwenye makala yenye ukuta, na chini ataweka tanbihi kwamba sehemu ndogo imeondolewa.

Nikauliza, "Tanbihi itataja 3,846?"

"Hapana. Msomaji hahitaji."

"Na kriptoni?"

"Kriptoni ni kazi ya mwaka ujao. Utaifanya wewe. Milembe, ninakupa mwaka mzima."

Aliongea kwa upole, na nilijua kwamba mwaka huo ni wa kweli na kwamba sitapewa mwingine. Nikamwambia siwezi kutia saini. Hakunifokea. Alisema makala itatoka na jina lake peke yake, na kwamba kesho nirudishe funguo.

Chuo hiki kina utaratibu mmoja mzuri. Mwanafunzi yeyote akiwa bado na kitambulisho anaweza kuweka taarifa ya kazi yake maktaba. Inapewa namba, inawekwa rafuni, na mtu yeyote kutoka nchi yoyote akiiomba lazima apewe nakala. Haihitaji saini ya msimamizi. Haina thamani ya shahada. Kitambulisho changu kinakufa kesho.

Kwa hiyo jana na leo nimeandika. Kurasa thelathini na moja. Nimeweka vipimo vyote saba, kila atomu iliyohesabiwa, bila kukata. Februari iko ukurasa wa tisa, haijafichwa nyuma. Nimeandika jinsi elektroni ya kasi inavyoipita ya polepole na kuirudisha, kwa maneno yale yale niliyokuandikia wewe, maana kila nilipojaribu kuyapamba yalikosea. Nimeandika pia maelezo ya Profesa kuhusu uchafu, kwa haki, pamoja na kipimo ambacho kingeonyesha kwamba ni yeye aliye sahihi na si mimi. Mwenye mashine akipenda, apime gesi ya tatu. Itamchukua siku moja na nusu.

Ndege ni kesho jioni. Nitafika Mwanza tarehe 13, Dutwa siku inayofuata kama basi litakuwapo. Sina cheti. Wizara nitawaeleza hivi nilivyokueleza. Ngassa nimeshamwambia nitamsikiliza. Kwako nitakuja mchana, na nitaingia kwa mlango wa mbele.

Saa tisa alasiri nilipeleka taarifa maktaba. Mhudumu alihesabu kurasa, akagonga namba, akatoa fomu ya kujaza. Taarifa za kundi letu zote zina majina manne au matano, na la Profesa huwa la kwanza. Alitazama jalada, akalitazama tena, akadhani nimesahau.

"Waandishi ni wangapi?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mmoja."

Milembe Mayala